Kubadilisha Jina la Faili Si Kubadilisha Faili

Wiki haipiti bila mteja kunikabidhi flashi na kunieleza kwamba wasifu wake wa kazi, ambao aliugeuza kuwa PDF yeye mwenyewe, umekataa kufunguka. Nikimuuliza aliugeuzaje, jibu huwa ni lile lile: alifuta herufi docx mwishoni mwa jina, akaandika pdf. Windows ilimwonya kwamba huenda faili lisitumike tena, akakubali, ikoni ikageuka kuwa ya PDF, naye akaamini kwamba kazi imekwisha.

Hakuna kilichogeuka. Kiendelezi, yaani herufi zile zinazofuata nukta ya mwisho, ni sehemu ya jina tu, na Windows hukitazama ili ijue iite programu gani faili linapobofywa mara mbili. Yaliyomo ndani hubaki kama yalivyokuwa. Faili la PDF huanza na alama %PDF, ilhali docx, iliyokuja na Word 2007, ni kifurushi cha ZIP kinachoanza na herufi PK, ambazo ni za mwanzo za jina la Phil Katz, mbunifu wa ZIP. Mara nyingi hulifungua faili hilo kwa Notepad mbele ya mteja, na hapo, juu kabisa ya kurasa za herufi zisizosomeka, PK hukaa wazi. Programu ya PDF haiwezi kusoma kitu hicho, hivyo hutangaza kwamba faili limeharibika, na mwenye faili hupaniki akalifuta. Tafadhali usilifute! Rudisha kiendelezi cha docx, lifungue kwa Word, nenda kwenye "Save As", uchague PDF katika orodha ya aina za mafaili. Ni kazi isiyozidi dakika moja, na inanisikitisha kuona mtu akikosa siku ya mwisho ya maombi kwa sababu yake.

Wapo pia wanaosakinisha programu mpya ya picha, wakaona ikoni za picha zote zimebadilika, wakaja wakisema virusi vimekula picha za harusi. Ikoni hufuata programu iliyowekwa kuwa chaguo-msingi, yaani ile inayoitwa unapobofya picha mara mbili, na picha zenyewe hazijaguswa. Katika Windows 11, bofya picha moja kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia "Open with", kisha "Choose another app", chagua programu unayoitaka na ubofye "Always". Kwenye Mac chaguo liko ndani ya "Get Info", lakini usipobofya "Change All" utakuwa umebadilisha faili hilo moja tu.

Kuondoa programu hakufuti mafaili uliyotengeneza nayo na kuyahifadhi kwenye folda zako. Yanakosa tu wa kuyafungua.

Dhana ya mwisho ni kwamba viendelezi vimefichwa kwa sababu havimhusu mtumiaji wa kawaida. Vinamhusu sana. Windows ikivificha, faili liitwalo risiti.pdf.exe huonekana kama risiti.pdf, na kwa kuwa programu ya exe inaweza kubeba ikoni yoyote, hata ya PDF, mtu huiendesha akidhani anasoma risiti. Kila kompyuta inayopita mikononi mwangu, kabla sijagusa kingine, hufungua File Explorer, nikaenda "View", kisha "Show", nikaweka tiki kwenye "File name extensions".