Ile asilimia 10 ya chairmani wa LC1

Ukitaka kununua ploti Wakiso au Mukono, hapa Uganda, utaambiwa mapema kabisa, tenga asilimia 10 ya bei umpe chairmani wa LC1, yaani mwenyekiti wa baraza la kijiji, ndo sheria. Jamani, sheria hiyo haipo. LC1 ni shahidi tu, anawajua majirani na mipaka, anagonga muhuri kwenye agrimenti basi, sasa ploti ya milioni 40 ati aondoke na milioni 4 kwa muhuri! Wengi wanalipa kwa woga na siwalaumu, maana yeye ndo anaweza kukwambia kama ploti ishauzwa kwa mwingine, kwa hiyo ukimpa asante kidogo ya usumbufu sawa, lakini hapo ni hiari yako.

Nahisi watu wanachanganya na kanzu, ile zawadi anayopewa mwenye mailo (mwenye hati ya ardhi) ukinunua kibanja, yaani kipande anachokaa mpangaji asiye na hati, kwenye ardhi yake. Hayo ni mambo mengine, Sheria ya Ardhi ya 1998 inataka idhini yake kibanja kikiuzwa.

Kinachodaiwa kisheria ukihamisha hati ni ushuru wa stempu, asilimia 1.5, unalipa benki inaenda URA, mamlaka ya mapato, na risiti unapata. Ploti hiyohiyo ikithaminiwa milioni 40, ni laki 6.