Fitoremediesheni: jinsi mimea ya majini inavyonasa metali nzito

Fitoremediesheni ni matumizi ya mimea hai kupunguza sumu kwenye udongo au maji. Neno limeungwa kutokana na phyto, yaani mmea kwa Kigiriki, na remedium, tiba kwa Kilatini. Hapa tunaangalia tawi lake moja: mimea inayooteshwa kwenye mabwawa ya maji taka ya viwandani ili inase metali nzito kama risasi, kadimiamu, nikeli, shaba na nyinginezo.

Watu husema mimea hiyo "inasafisha" maji, na neno hilo hupotosha kidogo. Kinyesi na mabaki ya chakula huliwa na bakteria hadi yakaisha. Metali haiozi. Risasi ni elementi, na itabaki risasi hata ipite miaka elfu. Mmea hauiondoi duniani; unaihamisha tu kutoka majini hadi mwilini mwake.

Kazi kubwa hufanyika mizizini. Gugu maji huelea huku mizizi yake yenye nyuzi tele ikining'inia kama ufagio. Kuta za seli za mizizi hiyo zina chaji hasi, na ioni nyingi za metali, yaani atomi zake zenye chaji ya umeme, zina chaji chanya, basi hunatana. Hatua hii haihitaji hata uhai: mizizi iliyokaushwa na kusagwa nayo hunasa. Metali inayopenya ndani hufungwa na molekuli ziitwazo fitokelatini, kisha huwekwa kwenye vakuoli, ghala la seli, isivuruge shughuli nyingine. Ndiyo maana katika mimea mingi metali hujaa zaidi mizizini kuliko majanini.

Kasi ya kuzaliana, inayolifanya gugu maji lichukiwe ziwani, bwawani ndiyo mtaji, mradi lisitoroke. Matete na mimea midogo ya jenasi Lemna hutumika pia.

Lakini lazima kuvuna. Mmea ukifia humo na kuoza, metali hurudi majini. Mavuno hayo hayafai kuwa mboji wala malisho. Yakichomwa, metali nyingi hubaki kwenye majivu, ambayo nayo ni taka ya sumu. Zebaki ndiyo korofi zaidi, kwani hupaa na moshi.

Maji yenye sumu kali mno huua mmea wenyewe. Kwa hiyo mara nyingi chokaa hutangulia kupunguza asidi na kuzigandisha metali zizame, kisha mimea huachiwa kiasi kidogo kilichobaki, ambacho kemikali hukiondoa kwa gharama kubwa.