Apareyi ya mbao ya muzee: mambo watu wanaamini juu ya bei, na vile iko kweli

Haipiti mwezi bila mtu kunitumia foto kwa WhatsApp, apareyi, yaani kamera, ile mikubwa ya mbao, ya miguu mitatu, ya kuingiza kichwa ndani ya kitambaa cheusi, na chini ameandika: "Yaya, iyi iko bei ngapi? Banasema iko ya elfu makumi tano ya dola." Hao banasema sijawahi kukutana nao. Mimi natengeneza apareyi hapa Lubumbashi, Kamalondo, hizi za mbao nimefungua za kutosha, basi wacha niandike mara moja ili nisirudie kila siku.

"Iko ya zamani, basi iko ya bei"

Hii ndiyo mama ya zote, na najua ilikotoka. Mwaka 2010 kule Vienna, kwenye mnada wa WestLicht, kamera ya Giroux iliuzwa euro 732,000, habari ikazunguka dunia nzima mpaka ikafika Katuba. Sawa, lakini ile ni ya mwaka 1839, kati ya kamera za kwanza kabisa kuuzwa dukani, ubavuni iko na kibao chenye sahihi ya Daguerre mwenyewe, mmoja wa wavumbuzi wa foto, na zilizobaki unazihesabu kwa vidole. Ya muzee wako ni ya 1920 au 1930, na kuanzia 1890 hivi viwanda vya Ulaya vilikuwa vinatoa hizi mbao kama mikate, umbo halikubadilika sana, mbao, sufle (ile ngozi ya mikunjo katikati), kioo cha ukungu nyuma cha kuonea picha, kwa hiyo ikizidi mwenzake miaka ishirini hakuna anayejali. Isiyo na jina na bila objektifu (lenzi) ya maana inaenda dola mia moja, mia mbili, ukipata bahati mia tatu. Speed Graphic ya waandishi wa habari wa Marekani ilitengenezwa toka 1912 mpaka 1973, hebu fikiria ziko ngapi. Na cha kuchekesha, watu wa filamu ya Star Wars ya mwaka 1977 walichukua bomba la flashi ya Graflex, kampuni ya hiyo Speed Graphic, la kuwekea betri, wakaligeuza upanga wa mwanga, tangu hapo wapenzi wa ile filamu wanalitafuta usiku na mchana, na siku nyingine bomba tupu linauzwa bei kubwa kuliko kamera yake yote.

"Mukubwa ndiyo ya pesa"

Apana. Kamera iliyovunja rekodi, mwaka 2022, euro milioni 14.4, ni Leica 0-Series ya Oskar Barnack, yule aliyeibuni Leica, unaificha ndani ya kiganja. Zetu hizi kubwa zina wapenzi wao lakini wengi wanataka ile ya inchi 4 kwa 5, juu filamu yake inapatikana bila shida. Ya stidio yenye stendi ya chuma, nzito kama mlango wa gereji, nani atailipia ndege?

"Iko Zeiss!"

Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo pesa iko. Mara nyingi objektifu inapita sanduku zima kwa bei, lakini si kwa jina tu. Tessar, objektifu ya kiwanda cha Zeiss cha Ujerumani, ilianza 1902, ikafanikiwa mno, na kitu kilichofanikiwa mno kiko kila mahali, ile ya kawaida haitakujengea nyumba Kampemba. Tofauti na objektifu za aina ya Petzval. Joseph Petzval alipiga hesabu zake kule Vienna, kiwanda cha Voigtländer kikaitengeneza mwaka 1840, ilikuwa inaingiza mwanga mwingi kuliko zote za wakati ule, ndiyo maana kupiga sura ya mtu kukawa rahisi, mtu hakai tena dakika nzima kama sanamu. Leo wale wanaopiga foto juu ya kioo chenye dawa mbichi wanaitafuta sana, wanapenda vile kandokando ya foto inazungukazunguka, na kubwa ya kufunika kioo cha sentimita 18 kwa 24 inaweza kupita bei ya sanduku mara kadhaa. Ila angalia: nyuma ya Petzval kuna vioo viwili na pete katikati, mtu akifungua kusafisha akarudisha kinyume, foto inakuwa uji, na mnunuzi anasema objektifu imekufa kumbe iko mzima, imevaa koti mgongoni kuja mbele tu. Nimenunua moja hivyo. Sikumwambia mwenyewe mpaka nimelipa, nisamehewe.

Halafu zile herufi D.R.P., watu wanazisoma kama cheo. Ni Deutsches Reichspatent, hati ya uvumbuzi ya Ujerumani, basi, haisemi mwaka wa kutengenezwa wala ubora. Kinachosema mwaka ni namba iliyochongwa kwenye pete, za Zeiss na Voigtländer orodha zake zinajulikana. Na usishangae objektifu ikiwa na umri tofauti na sanduku, wapiga foto walikuwa wanazihamisha kama fundi anavyohamisha injini.

"Iko na uranium ndani"

Ndiyo, nimepigiwa simu hiyo. Sisi watu wa Katanga tukisikia neno radioaktif, kichwa kinaenda Shinkolobwe, ule mgodi wetu wa uranium, moja kwa moja. Kulikuwa na objektifu ya ndege za kijeshi za Marekani wakati wa vita ya pili, Kodak Aero-Ektar, na kioo chake kimegeuka rangi ya chai. Kweli iko na mionzi, lakini si uranium ya kuuza, ni thoriumu waliyochanganya kwenye kioo ili kipinde mwanga vizuri, haina soko lolote nje ya kioo chenyewe. Ile rangi ya chai inapungua ukiiacha juani siku nyingi. Usilale nayo chini ya mto, hiyo tu.

"Ing'arishe kwanza"

Ooh hapa nalia. Sisi mji wetu ni wa shaba, tukiona leton, ile shaba ya manjano, imefifia mkono unawasha. Zile objektifu za leton zilipakwa vernisi kiwandani, ya rangi ya dhahabu, na mkusanyaji analipia ile vernisi hata ikiwa na madoa. Kijana mmoja alisugua ya babu yake na dawa siku mbili, ikawaka kama kengele ya kanisa, jina la mtengenezaji likabaki kivuli. Baya kuliko hilo ni kuipeleka mitraye, kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, unapimiwa kwa kilo, unatoka na pesa ya bia mbili tatu za Simba.

Kioo kisicho na rangi ya bluu ndani si feki. Ile rangi inatoka kwa utando ambao Zeiss walivumbua 1935, kabla ya hapo vioo vyote ni vyeupe.

"Sufle imepasuka, tupa"

Sufle inatengenezwa upya. Kioo cha ukungu fundi wa vioo anakisaga na unga wa kusugulia kioo. Kitu cha kuogopa ni kukosa shasi, zile fremu za kuwekea kioo au filamu, juu za Ulaya za zamani mara nyingi zilichongwa kwa apareyi moja, ya jirani haiingii au inapitisha mwanga. Halafu watu wanachoma shasi makala wakidhani ni vipande vya mbao.

Bei unayoona kwenye tangazo la intaneti ni ndoto ya muuzaji. Tafuta zilizokwisha kuuzwa, halafu toa usafiri na fungu la wenye mnada.

"Muzee wetu alipiga foto wakubwa wa Union Minière"

Hata wakubwa wa ile kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni, maneno hayalipwi. Antoine Freitas, yule Muangola aliyefanya kazi kwetu Kongo, kuna foto yake ya 1939 kule Bena Mulumba, Kasai, amesimama na apareyi yake ya sanduku katikati ya watu. Lile sanduku ukilitenga na jina lake na ile foto ni mbao tu. Basi leta mhuri wa stidio, daftari la wateja, foto zenye maandishi nyuma, leta vioo, zile negativu za zamani.

Vioo! Mwaka jana baba mmoja aliniletea apareyi ya sentimita 13 kwa 18 na vioo tisa. Vilikuwa zaidi ya mia, vingine walikwangua picha wakavitia kwenye fremu za ukutani. Nikaweka kimoja mbele ya dirisha, harusi, akanyamaza, akasema huyu ni mama. Apareyi tuliiuza dola mia moja makumi nane. Kile kioo alirudi nacho, amekifunga ndani ya kikwembe, na nilimwambia asikioshe kwa maji ya moto, gelatini, ule utando unaoshika picha, inatoka yote na foto inaenda nayo.