Studi ya shokapu imekatika: si barabara iliyoikata

Kuna kifuniko kidogo chini ya shokapu ya mbele ya pikipiki nyingi za njia mbovu, kinachoibana ekseli ya gurudumu. Mara nyingi kinashikwa na studi nne nyembamba za M6, yaani bolti zisizo na kichwa za unene wa milimita 6, zile ambazo nati zake hufunguliwa kwa spana namba 10. Hapa Tanga pikipiki hizi zinapanda milima ya Amani, zinazunguka mashamba ya mkonge, zinarudi mjini na tope lake. Studi moja ikikatika, kila aliyepo gereji ana maelezo yake, na mengi yamewagharimu watu fedha.

"Imekatwa na mawe ya Amani." Mara nyingi imekatwa na mkono wa fundi, mawe yamemalizia tu. Kifuniko hicho huwa na mshale au neno UP, na upande huo lazima uelekee juu. Nati mbili za juu hukazwa kwanza mpaka kifuniko kilale kwenye mguu wa shokapu, halafu ndipo zinafuata za chini. Ukimaliza, juu hakuna nafasi, ila chini unabaki mwanya mwembamba. Mwanya huo umewekwa makusudi, ndio unaokipa kifuniko nafasi ya kuendelea kubana ekseli. Sasa fundi asiyejua akiuona anadhani kazi haijaisha. Anavika bomba kwenye spana, anavuta mpaka mwanya uzibe, na anamkabidhi mteja pikipiki kwa moyo mweupe kabisa. Studi imeshavutika. Itakatika siku hiyo au wiki ijayo mlimani, kwenye kona. Studi ya M6 inataka nguvu ya nyutonimita 10 hivi, yaani kama kilo 10 zikining'inia kwenye spana sentimita 10 kutoka kwenye nati. Mkono mmoja unatosha, tena bila kukunja uso. Naomba mafundi wenzangu walishike hili kuliko yote ninayoandika hapa.

"Tatu zilizobaki zitanifikisha." Usiende nazo. Zimebeba mzigo wa mwenzao, na huenda zilikazwa na mkono uleule. Hilo ni gurudumu la mbele.

"Kisiki kikigoma, kichome mpaka kiwe chekundu." Kisiki ni kipande cha studi kilichobaki ndani ya tundu. Mguu wa shokapu ni wa alumini, na alumini haikuonyeshi wekundu kabla ya kuyeyuka. Kwenye nyuzijoto 660 hivi inaanguka tu. Joto la wastani linasaidia kweli, maana alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo tundu linalegea. Mwaga mafuta ya shokapu kwanza, weka sili, ule mpira unaozuia mafuta yasivuje, mbali na moto, pasha mpaka tone la maji lichemke likigusa, kisha acha. Kinachokishika kisiki ni ule unga mweupe unaojitokeza chuma na alumini vinapokutana na maji ya chumvi, na sisi wa pwani chumvi tunaivuta hata kwa pua. Mafuta ya kupenya kutu, yaliyowekwa jioni na kuachwa hadi asubuhi, hufanya kazi ambayo nguvu haiwezi.

"Toboa, ingiza kile chuma cha kung'olea, zungusha." Njia ni sahihi, haraka ndiyo kosa. Piga alama katikati kabisa, anza na drili ya milimita 3, nenda wima. Chuma hicho ni kigumu na ni chepesi kuvunjika, na kikivunjikia ndani drili ya kawaida haikikwaruzi. Nilikivunja kimoja nilipokuwa najifunza kazi, na mwenye pikipiki akakaa wiki nzima akienda shamba kwa miguu. Kama kisiki kimechomoza kidogo, nati iliyochomelewa juu yake ni salama zaidi: chuma cha kuchomelea hakishiki kwenye alumini, na joto lake linalegeza kutu. Tenganisha betri kabla.

"Nyuzi za tundu zikifa, nunua shokapu nyingine." Hapana. Tundu hupanuliwa, hukatwa nyuzi mpya, kisha huvikwa koili ya waya wa chuma kisichoshika kutu. Mara nyingi inashika kuliko alumini tupu. Gundi ya chuma isikaribie hapo.

"Pwani weka bolti isiyoshika kutu." Hili hata wazoefu wanalisema. Ile ya kawaida, yenye alama A2-70, inavumilia mvuto wa megapaskali 700 kabla ya kukatika. Ya chuma yenye alama 8.8 inavumilia 800. Tena chuma kisichoshika kutu kikiwekwa ndani ya alumini yenye chumvi, inayoliwa ni alumini. Tafuta studi ya 8.8 iliyopakwa zinki.

Izungushe iingie kwenye shokapu kwa nati mbili zilizobanana juu yake, upande wa kwenye shokapu ukiwa na tone la gundi ya nyuzi. Kisha juu kwanza, chini baadaye, na mwanya uache ulivyo.