Je, wajua kwa nini nyonga iliyovunjika haifungwi plasta?

Bibi ameteleza bafuni. Amelazwa chali, mguu mmoja umekuwa mfupi kuliko mwenzake na kidole gumba kimeelekea nje. Daktari akiona hivyo tu, kabla hata ya eksirei, ameshahisi ni nyonga. Ndugu nao wanauliza: si afungwe plasta arudi nyumbani, kama mjukuu aliyevunjika mkono juzi?

Plasta haitoshi kuishika nyonga, maana imezama ndani ya minofu. Ila jambo zito zaidi ni damu. Kichwa cha fupa la paja, lile tufe linalozunguka ndani ya kikombe cha nyonga, hupata sehemu kubwa ya damu yake kwa vimishipa vinavyopanda kwenye shingo ya mfupa. Shingo ikivunjika na kuhama, vimishipa hivyo huweza kukatika, na kichwa kikakosa damu kikafa. Ndiyo maana wazee wengi hutolewa kichwa hicho wakawekewa cha bandia. Mfupa ukivunjika chini ya shingo hiyo, kichwa hakikosi damu hivyo. Chuma na skrubu hutosha.

Na upasuaji huo hufanywa haraka. Haraka ya nini, basi? Ya kukikimbia kitanda. Mzee akilala wiki kadhaa mguu ukivutwa kwa uzito, damu huganda kwenye mishipa ya miguu, na bonge likichomoka huenda kuziba mapafu. Nimonia na vidonda vya mgongo navyo havichelewi.

Watafiti walitaka kujua haraka hiyo iwe kiasi gani. Utafiti wa HIP ATTACK, uliochapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2020, ulifuatilia wagonjwa 2,970 katika nchi 17. Kundi moja lilifanyiwa upasuaji saa 6 hivi baada ya kugundulika, jingine saa 24. Baada ya siku 90 walikuwa wamefariki asilimia 9 ya waliowahishwa na asilimia 10 ya wengine, tofauti ndogo mno kuitwa ushindi. Binafsi nilitarajia pengo kubwa. Lakini waliowahishwa walichanganyikiwa akili kwa uchache, wakasimama mapema na kuruhusiwa mapema.

Kwa hiyo ukienda kumjulia hali bibi siku ya pili ukamkuta ameshika fremu ya kutembelea, mtaalamu wa viungo ubavuni, amenuna kwelikweli, usiwagombeze wauguzi.