Kwa nini Ayalandi mwenye baa alikuwa pia mzishi?

Fethard ni mji mdogo katika kaunti ya Tipperary, Ayalandi. Pana baa pale, McCarthy's, iliyoanza miaka ya 1840, na inajulikana kwa kuuza bia na pia kuzika watu. Nilipoisikia mara ya kwanza niliamini ni mbinu ya kuvuta watalii. Nilikosea kabisa, kwa sababu nilidhani baa ni mahali pa kunywa tu.

Vijijini Ayalandi, baa nyingi zilikuwa duka kwanza. Morrissey's ya Abbeyleix ilifunguliwa mwaka 1775 kama duka la vyakula, na baadaye ikawa inazika pia. Mjini Dingle, ukiingia Foxy John's, upande mmoja ni misumari na nyundo, upande wa pili bia. Mji huo huo, Dick Mack's ilikuwa na kaunta ya viatu na ngozi ikitazamana na kaunta ya pombe. Yale makopo ya zamani yanayopangwa rafuni katika baa za Kiayalandi za Dubai au Chicago ni mapambo, lakini kilichoigwa hakikuwa pambo. Mtu alikuja kununua majani ya chai, akamkuta jirani amekaa, habari zikaanza. Na kama Mangi wa mtaani kwetu, mwenye duka alijua nani anadaiwa na nani ana mgonjwa nyumbani.

Sasa tuje kwenye maiti. Sheria ya mwaka 1846 iliagiza kwamba mwili unaosubiri uchunguzi wa kifo upelekwe kwenye baa iliyo karibu. Mochwari zilikuwa chache mno, ilhali baa zilikuwa kila mahali, na nyingi zilikuwa na ghala chini ya ardhi la kuhifadhia mapipa.

Ghala hilo lilikuwa na ubaridi bila barafu. Fikiria kisima: saa saba mchana mchanga unachoma nyayo, lakini ndoo inapanda na maji ya baridi. Alfajiri ya kipupwe, maji yale yale unayaona ya uvuguvugu. Hayakubadilika, kilichobadilika ni hewa ya juu. Udongo ni blanketi nene, na joto la kiangazi huchukua miezi kupenya chini. Kwa hali ya hewa ya Ayalandi, hapo chini hubaki nyuzi kumi na kitu mwaka mzima. Panafaa bia, na panafaa maiti kwa siku mbili tatu.

Nisiipe sheria sifa zote, kwani iligusa vifo vya kuchunguzwa tu, kama vya ghafla au vya ajali. Lakini itazame kwa macho ya wafiwa. Mwili uko kwa mwenye baa. Mkesha unahitaji mishumaa, chai, tumbaku na vinywaji, na vyote viko rafuni kwake. Fedha hakuna, daftari lipo. Mkokoteni na farasi anao. Kuliacha jeneza nje ya orodha hiyo kungekuwa ajabu zaidi ya kuliongeza.

Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1962. Kule Fethard kazi iliendelea, na waombolezaji wakitoka makaburini walirudi kwenye kaunta ya mtu yule yule aliyewazikia.