Msuli haugeuki mafuta, ila huyahifadhi

Nimeulizwa tena, safari hii na mtu aliyesoma baiolojia, iwapo misuli yake itageuka mafuta akiacha mazoezi. Haitageuka. Nyuzi za msuli usiotumika husinyaa, na mwenye msuli asipopunguza chakula, seli zake za mafuta hujaa. Ni mambo mawili yanayokwenda sambamba, basi.

Kinachonikera zaidi ni dhana iliyojificha nyuma ya swali hilo, kwamba msuli hauna shughuli na mafuta ila kuyachoma, na kwamba mafuta yakionekana ndani yake ni dalili ya ugonjwa. Chukua kipande chembamba cha msuli wa paja, ukitie rangi inayoshika mafuta, kisha ukitazame kwa hadubini: utaona vitone vyekundu vimesongamana kando ya mitokondria (sehemu za seli zinazozalisha nishati), hasa katika nyuzi zinazojikunja polepole. Mwaka 2001, Bret Goodpaster na wenzake walionyesha kwamba wanariadha wa mbio ndefu wanavyo vitone hivyo kwa wingi unaolingana na wa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili, au hata kuuzidi, ilhali misuli ya wanariadha huitikia insulini (homoni inayoziambia seli zipokee sukari) vizuri mno na ya wagonjwa huitikia kwa shida. Kama mafuta yenyewe ndiyo maradhi, hawa wanariadha tuwaweke wadi gani?

Maelezo yanayoniridhisha zaidi ni kwamba kiasi si hoja. Hoja ni mzunguko. Msuli unaofanya kazi kila siku huyatumia mafuta hayo na kuyarudisha, lakini katika msuli uliotulia yanakaa tu, na mabaki ya umetaboli wa mafuta hayo, yaani ya kuvunjwa na kugeuzwa kwake ndani ya seli, hudhaniwa kuvuruga ishara za insulini. Nimesema "hudhaniwa" kwa makusudi. Wapo wanaoilaumu diasiligliseroli, wapo wanaozilaumu seramidi (zote ni molekuli za jamii ya mafuta), na wapo wanaosema la muhimu ni mahali zilipo ndani ya seli. Vitabu vya kiada huchagua upande mmoja na kuuandika kana kwamba kesi imekwisha kuamuliwa.

Kuhusu udhibiti wa uchomaji wa mafuta katika msuli nitapita haraka. Asidi za mafuta zenye mnyororo mrefu huingia katika mitokondria kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho CPT1, ambacho ni kama bawabu, na bawabu huyo huzuiwa na malonili-KoA, molekuli inayotengenezwa ndani ya seli. Glukosi (sukari ya damu) na insulini zikipanda, malonili-KoA huongezeka na mlango hufungwa; msuli ukijikunja, AMPK, kimeng'enya kinachohisi upungufu wa nishati, huamka, malonili-KoA hupungua, na mafuta hupita.

Sasa wale wa "jenga misuli uchome mafuta usingizini". Kilo moja ya msuli uliopumzika hutumia takriban kilokalori 13 kwa siku, na kilo ya mafuta takriban 4.5. Fanyeni hesabu wenyewe, kisha mniambie ni miezi mingapi ya kunyanyua vyuma inayofidia andazi moja. Thamani ya msuli iko kwingine: insulini inapokuwa juu, ndio unaopokea sehemu kubwa ya glukosi iliyo katika damu, na kuihifadhi kama glikojeni, yaani akiba ya sukari. Msuli ukikataa kuipokea, sehemu ya glukosi hiyo hugeuzwa na ini kuwa mafuta yanayosafirishwa kwa damu hadi kwenye hifadhi za mwili, na hivyo msuli huamua unene wa tishu ambayo wala si yake.